Funguo Kumi na Saba za Nyumba ya Mawe

Ninyi vijana wa udalali mlioniomba niandike, nawajua. Mnauza nyumba kwa simu. Mnaipiga video, mnaiwekea muziki, mnaandika "haikai hii", kisha inakaa miaka miwili. Siwacheki. Ningekuwa na simu hizo enzi zangu, nisingemaliza soli nilizozimaliza kati ya Shinyanga mjini na Kahama. Ila kuna mambo simu haiyaoni, na mengi ya hayo niliyajua kwa kuyakosea.

Mimi ni Mama Zuhura. Pale stendi waliniita Mara Mbili, kwa kuwa kila kitu nakihesabu mara mbili: madirisha, milango, ngazi, mashahidi, hata maneno ya mnunuzi. Mara ya kwanza nahesabu kwa macho, mara ya pili kwa mkono, maana macho yana haraka. Marehemu mume wangu alipenda kusema kwamba siku ya ndoa yetu nilihesabu mashahidi mara mbili. Alinisingizia. Nilihesabu mara tatu, mmoja alikuwa amesinzia nyuma ya mlango.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shija, dalali wa zamani aliyekuwa akitembea na mwavuli jua na mvua. Alikuwa na kanuni chache na alizirudia kama mtu anayekuona umelala. Moja ilikuwa hii: siku ya makabidhiano, funguo zote mezani, zihesabiwe mbele ya muuzaji na mnunuzi, na muuzaji asiondoke hata na mmoja. Hata wa kabati.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema aliwahi kuuza nyumba ya mtu mmoja pale mjini, akawa mpole, akamwachia ufunguo mmoja eti kuna gunia lake la karanga amelisahau stoo. Ijumaa mnunuzi akaenda kuswali. Aliporudi alikuta karanga zimechukuliwa, na milango sita nayo imechukuliwa. Muuzaji alipofuatwa alisema bila aibu kwamba yeye aliuza nyumba, milango hakuitaja.

"Sasa mwanangu," Mzee Shija aliniambia, "nyumba isiyo na milango ni nini?"

"Ni banda, mzee."

"Ni kesi," akasema.

Kwa miaka yote ya kazi yangu niliishika kanuni hiyo. Niliivunja mara moja tu, na hiyo mara moja ndiyo nataka kuwaambia.

Kama mmewahi kupita barabara ya Songwa, karibu na mgodi wa almasi, nyumba yenyewe mmeiona. Iko juu kidogo ya barabara, mawe matupu kuanzia chini mpaka kwenye bati, rangi yake kama matobolwa, viazi vitamu vilivyokaa juani siku tatu. Si mawe yetu haya ya Shinyanga yanayovunja nyundo. Ni jiwe la mchanga, laini kidogo, lililochongwa kila moja kwa mkono na kuletwa kwa treni. Mhandisi mmoja wa kizungu ndiye aliyeijenga, zamani za mkoloni, na hakumwachia fundi aamue mwenyewe. Alimwita msanifu majengo, Mhindi aliyekuwa akiishi Mwanza, amchoree kila kitu mpaka mahali pa kukaa mtungi. Unene wa kuta zake unazidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Baraza imezunguka pande tatu. Chini ya ua kuna tangi la kuvunia maji ya mvua, na nyinyi mnaokaa huku mnajua tangi la namna hiyo mwezi wa tisa lina maana gani. Nilihesabu madirisha ishirini na mawili, milango kumi na sita ukiingiza wa stoo na wa jiko la nje, na ngazi tisa za mbele.

Funguo zilikuwa kumi na saba. Nikahesabu tena. Kumi na saba. Mtu mwingine angesema basi, ziada si hasara. Mimi ziada hunisumbua kuliko upungufu, kwa sababu upungufu una maelezo.

Mwenye nyumba alikuwa Mama Kulwa, mkunga mstaafu, mtu mzima kunizidi. Marehemu mumewe aliinunua ikiwa imeachiwa popo. Walizalia hapo mapacha, Kulwa na Dotto. Kulwa yuko Dar es Salaam, hupiga simu sikukuu. Dotto anafundisha shule Geita, na mwaka ule, baada ya kungoja sana, alikuwa na mimba yake ya kwanza.

"Mama Zuhura," aliniambia siku ya kwanza, amekaa ngazi ya nne kwa kuwa magoti yalikuwa yamegoma kufika ya tisa. "Nimezalisha watoto wa watu mpaka nimesahau idadi. Wewe ungekumbuka, mimi nimesahau. Huyu wa Dotto sitaki nisimuliwe kwa simu. Mwezi wa kumi na moja nataka niwe Geita, na nikienda nimekwenda moja kwa moja. Siwezi kuiacha nyumba hii ikae peke yake. Popo watarudi."

"Kwani wapangaji?"

"Nimewajaribu wawili. Wa kwanza alifuga nguruwe kwenye baraza. Wa pili alinipigia simu kuniuliza kama anaweza kufuga nguruwe kwenye baraza."

Basi kazi ikawa hiyo: nyumba iuzwe kwa mtu wa kuishi ndani yake, kabla ya mvua na kabla ya mtoto. Nikasema ni jambo dogo. Nilikuwa nimeshauza hata kiwanja chenye kichuguu nikakiita kiwanja chenye mwinuko.

Wanunuzi walikuja. Huku kwetu pesa ya dhahabu haikai mfukoni, inatafuta ukuta. Walikuja wa Kahama, wa Geita, wa tumbaku kutoka Ushetu. Wote walisema neno moja. Walizunguka, wakatazama juu, wakatazama chini, halafu wakasema, "Nzuri. Ila bado plasta."

Mnajua sisi watu wa huku. Nyumba bila plasta ni mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Unaweza kumweleza mtu mchana kutwa kwamba jiwe hili lilichongwa, anakuitikia, kisha anauliza fundi wa plasta anachukua siku ngapi. Mnunuzi wa saba aliposema "bado plasta" nikajisemea, Mara Mbili, mteja akisema neno moja mara saba, mwenye kosa ni wewe.

Hapa sikilizeni vizuri. Kulikuwa na karatasi. Mama Kulwa alinipa siku ya kwanza pamoja na hati, karatasi yenye mhuri, inasema nyumba ile imeingizwa kwenye orodha ya majengo ya urithi. Nilifurahi nayo sana. Niliitoa kopi kumi, nikawa nawapa wanunuzi kama cheti cha mtoto aliyeongoza darasa. Karatasi ilikuwa na kurasa mbili. Mimi ninayehesabu kila kitu mara mbili niliisoma mara moja, ukurasa mmoja.

Mama Kulwa akaenda Geita wiki moja kumsindikiza Dotto kliniki. Nikaona ndio wakati. Nikaleta mafundi wawili wa plasta, vijana wepesi kweli, wakapiga ukuta wa magharibi wote, ule unaotazama barabara. Nilitaka uwe mfano, wanunuzi waone nyumba ikivaa inakuwaje. Ulinyooka kama karatasi. Nikasimama barabarani nikajipongeza. Mpaka dereva mmoja wa bodaboda akapunguza mwendo akaniambia, "Mama, sasa imekuwa nyumba."

Mama Kulwa akarudi Jumamosi. Akashuka kwenye bajaji, akamlipa mtu wake, akageuka. Aliutazama ukuta kwa muda ambao ningeweza kuhesabu madirisha yote mara mbili. Kisha akauliza, pole pole, kama anavyouliza mkunga mahali panapouma:

"Mama Zuhura. Huo ukuta ulikukosea nini?"

Nimetukanwa na madalali, wanunuzi, na mke wa tatu wa mwenye nyumba mmoja wa Didia ambaye alikuwa na kipaji. Hakuna tusi lililonikaa kama swali lile.

Nikajitetea. Nikasema ni kwa faida ya nyumba, nikasema wateja saba. Akaingia ndani, akatoka na karatasi, akaifungua ukurasa wa pili, akanipa. Nikasoma nimesimama. Nyumba haivunjwi. Sura yake haibadilishwi bila kibali. Kuuza ruksa, ila taarifa itolewe, na mkaguzi aje aione.

"Uliniambia unahesabu kila kitu mara mbili," akasema.

"Nahesabu, mama."

"Haya. Kurasa ngapi hizo?"

Mkaguzi wa mambo ya kale nilimwita mwenyewe. Vijana, hili nalo lishikeni: kosa lako likiwa ukubwa wa ukuta, usingoje likutwe. Alikuja kijana mmoja mpole, ana kamera na daftari. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, na hakunipa nafasi. Alibisha plasta kwa kidole, akasikiliza, kama mtu anayenunua tikitimaji.

"Mama," akasema, "jiwe la mchanga linakunywa maji ya mvua na kuyatoa lenyewe. Ukilifunga kwa saruji, maji yanaingia kwa juu na hayatoki. Mvua ikianza, jiwe litabambuka nyuma ya hiyo plasta bila wewe kuona. Utakuwa na ukuta mzuri sana wa plasta, na nyuma yake mchanga."

"Na barua ya kuuza?"

"Ukuta ukirudi kama ulivyokuwa, naandika siku hiyo hiyo."

"Plasta inatoka?"

"Inatoka. Ila haitoki na fundi aliyeipiga."

Alinielekeza kwa Mzee Mabula, Didia, fundi mawe aliyeacha kazi akarudia shamba lake la mtama. Nikamkuta anasuka kamba. "Mwangaluka, mzee." Akaitikia. Nikamweleza. Akacheka mpaka kamba ikamtoka mkononi.

"Umelipaka saruji jiwe la mchanga," akasema. "Na hukulewa."

"Sikulewa."

"Ungekuwa umelewa ningekuhurumia."

Nikaanza kupatana naye. Mimi kupatana ni kama kupumua, nilikuwa natoa bei kabla hata hajasema yake. Akaniacha nimalize. Akasema, "Dada, mimi nina sharti, si bei. Bei utanipa ile utakayoona itakupa usingizi. Sharti ni kwamba utakaa pale kila siku nikifanya kazi. Na wewe utashika tindo."

"Mimi? Mzee, mimi nina miaka sitini na minne."

"Mimi nina zaidi. Tutapumzika pamoja."

Hivyo ndivyo dalali maarufu wa Shinyanga alivyotumia miezi miwili kwenye kigoda, kanga kichwani, anabandua plasta yake mwenyewe. Mzee Mabula alinifundisha kulaza tindo karibu lilale kwenye ukuta, kugonga kidogo kwa nyundo ya mti, na kuacha plasta iachie yenyewe. "Imelishika jiwe kama mtoto aliyeshika titi," alisema. "Ukimvuta kwa pupa, anauma." Kwenye maungio ya mawe tulijaza chokaa na mchanga uliochekechwa mara tatu, maana chokaa inapitisha maji na saruji haipitishi. Kwanza kulowesha kidogo, kisha kujaza, kisha kufunika gunia bichi jua lisiikaushe haraka. Alikuwa akiniambia chokaa ni kama ugali wa wageni, ukiuharakisha unaaibika.

Mama Kulwa alituletea uji. Wiki ya kwanza aliuweka chini akaondoka. Ya pili alikaa. Ya tatu akaanza kunikosoa.

"Hapo umegonga sana, Mama Zuhura."

"Nimegonga kidogo."

"Nimesikia mimi. Nimesikiliza mioyo ya watoto tumboni miaka thelathini, nitashindwa nyundo?"

Ukuta ule una mawe mia tatu kumi na manane. Nimeyahesabu mara mbili kwa macho na mara moja kwa magoti. Ishirini na sita yalipata makovu, mengi ni ya siku zangu za mwanzo. Mzee Mabula alisema hayawezi kufutika bila kuchonga jiwe lote, na kuchonga ni kosa la pili. Yakabaki. Mkaguzi akaja, akatazama makovu, akanitazama mimi na malengelenge yangu, akaandika barua siku hiyo hiyo kama alivyoahidi. Udalali wangu wa nyumba ile ulikuwa umeshaishia ukutani kabla sijaupata. Sikulalamika. Ni ada ya shule.

Lakini tulikuwa tumefika mwisho wa mwezi wa tisa. Dotto alikuwa hawezi tena kuvaa viatu. Na mnunuzi hakuna: wengine saba walikuwa wamekuja, wakasikia haivunjwi, wakaondoka.

Kisha akaja mtu wa Kahama. Jina lake silitaji, anajijua. Alikuja na gari jeupe, akakiangalia kiwanja zaidi ya nyumba, akataja bei iliyonifanya nimwombe airudie. Airudie si kwa sababu sikusikia. Akanivuta pembeni.

"Mama, hii nyumba haivunjwi, si ndiyo?"

"Haivunjwi."

"Ila inaweza kuanguka."

Mzee Shija alinifundisha kwamba mtu akisema nusu ya jambo baya, umwachie nafasi alimalize, usimsaidie.

"Tunang'oa bati mbili tatu," akasema, "upepo umezichukua, nani atabisha? Masika mawili yatafanya kazi. Halafu nainua lodge ghorofa tatu. Wewe nakutunza."

Vijana, sitawadanganya. Nilihesabu. Nilihesabu bei ile mara mbili, na mara zote ilikuwa nzuri. Mama Kulwa angeondoka wiki ile ile. Kwenye karatasi zangu hakuna kosa lolote. Bati zingeng'oka mimi nikiwa zangu nyumbani nachambua mchele. Lakini nilikuwa nimeujua ukuta ule jiwe kwa jiwe, na ukishajua kitu kwa namna hiyo huwezi kukiuza kama hukijui. Hiyo ni hasara ya kazi, nawaonya mapema.

Nikaenda kwa Mama Kulwa nikamwambia yote, bei na bati. Uamuzi ulikuwa wake, si wangu. Dalali anayemficha mwenye mali ofa kwa sababu yeye haipendi, huyo naye ni mwizi, tofauti ni kwamba anajisikia vizuri.

Alikaa ngazi ya nne. Akapangusa goti.

"Dotto amebakiza wiki ngapi, wewe mhesabuji?"

"Sita. Saba akichelewa."

"Wa kwanza huchelewa." Akatazama ukuta wa magharibi. "Mwambie hapana. Nyumba iliyotulea sitaipa ugonjwa kisha niondoke nikiwa na haraka ya kwenda kupokea mtoto. Nitamshikaje?"

Nikamwambia yule bwana hapana. Akaniambia nimezeeka. Nikamwambia nilikuwa nategemea hivyo.

Siku kumi baadaye akaja Nkwabi. Mchimbaji wa Geita, ana duara zake mbili, mashimo ya dhahabu, na karasha ya kusagia mawe, mtu wa makamo, pikapu imejaa vumbi hadi huwezi kujua rangi yake. Alisikia kwa watu kwamba kuna nyumba Songwa ya mawe ambayo hainunuliki. Akashuka na gambuti zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Njoo nikuoneshe ubaya wake kwanza."

Miaka yote nilikuwa naanza na sebule. Siku ile nilimpeleka moja kwa moja ukuta wa magharibi, nikamwonesha makovu, moja moja, nikamwambia nani aliyasababisha. Sikufanya hivyo kwa ujanja. Nilikuwa nimechoka kuficha vitu. Ila mtakaofanya kwa ujanja, mtaona unafaa pia.

Nkwabi akaokota kibanzi cha jiwe chini, akakisaga kwa kidole gumba kwenye kiganja, akakipuliza, akakitazama juani.

"Hili halina kitu," akasema.

"Lingekuwa nacho lingekuwa limeshasagwa," nikamjibu.

Akacheka. Kisha akaweka kiganja ukutani. Ilikuwa saa saba mchana, jua la mwezi wa kumi, bodaboda barabarani zinatoa mvuke. Akakiacha pale. Mtu wa mashimoni anajua jiwe la baridi ni nini, ila amezoea kulikuta chini, gizani, na kamba kiunoni.

"Mama," akasema, "mimi miaka ishirini na mbili navunja mawe. Nimevunja mpaka karasha mbili zimekufa. Sijawahi kukaa mbele ya mawe ambayo mtu aliyapanga."

Tukazunguka. Akafungua bomba la tangi, akanywa. Akaniuliza kuhusu karatasi. Safari hii nilimsomea kurasa zote mbili, kwa sauti.

"Haivunjwi," akarudia.

"Haivunjwi."

"Hata mimi mwenyewe nikitaka?"

"Hata ukitaka."

"Serikali za mtaa wakitaka barabara?"

"Watapita pembeni."

"Nikifa, watoto wakagombana, wakasema tuibomoe tugawane kiwanja?"

"Watagombana wakiwa ndani. Nje hawataweza."

Hapo nilidhani nimempoteza. Kila mnunuzi aliyefika kwenye neno hilo alikuwa ameanza kutafuta funguo za gari. Nkwabi akakaa ngazi ya tano, akavua kofia.

"Mimi nimejenga mara tatu," akasema. "Rashi ya dhahabu ikianza, tunahamia, tunajenga. Dhahabu ikikata, tunang'oa bati, tunabeba, tunahamia kwingine. Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na saba. Ukimuuliza kwenu wapi, anakutajia shimo. Mke wangu aliniambia safari hii usinijengee, nitafutie nyumba ambayo hata wewe mwenyewe ukipata wazimu wa dhahabu huwezi kuing'oa."

Vijana, kitu kilekile kilichowafukuza wanunuzi saba wa mwisho ndicho alichokuwa anakitafuta mmoja. Nami muda wote nilikuwa nikikisema kwa sauti ya chini, kama naungama.

Tukapatana. Msidhani maneno yale mazuri yalimlegeza, mtu wa dhahabu anaweza kulia na kukukata bei kwa wakati mmoja. Alianza chini, nikaanza juu, akasema makovu ishirini na sita, nikasema mia mbili tisini na mawili hayana. Akasema magoti yake yanauma kupanda ngazi hizi. Mama Kulwa akadakia kutoka dirishani, "Yako yanauma leo, yangu yanauma kila siku, na sijaomba punguzo." Tulimaliza kwa bei iliyo chini ya ile ya mtu wa Kahama na juu ya ile niliyokuwa nimeshaanza kuizoea moyoni. Mama Kulwa akaitikia. Kiswahili kikamwishia, akashukuru kwa Kisukuma tu, "Wabeja."

Makabidhiano yalikuwa wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kukaa upande wa Mwanza. Mizigo ya Mama Kulwa ilikuwa masanduku matatu na bomba la bati lenye michoro ya yule msanifu. Michoro akamkabidhi Nkwabi. Mke wa Nkwabi alikuwa amekuja na watoto. Yule wa miaka kumi na saba alikuwa anazunguka akigusa milango.

Nikamwaga funguo mezani. Nikahesabu mbele yao kama nilivyofundishwa. Kumi na saba. Milango kumi na sita. Nkwabi akainua mmoja, mwembamba kuliko wenzake, umelainika kama sabuni ya mwisho.

"Huu wa nini?"

"Wa mlango wa nyuma," Mama Kulwa akasema. "Ule mlango una funguo mbili. Mimi nilikuwa naitwa kuzalisha saa yoyote, sikutaka nikirudi niamshe watu. Huo nilitembea nao kwenye kanga miaka yote." Akausukuma katikati ya meza pamoja na wenzake, haraka, kama mtu anayeondoa mkono kwenye chungu cha moto. "Mama Zuhura hapendi ziada. Hesabu yake imetimia sasa."

Nkwabi akamtazama mkewe. Mkewe akanyanyua kidevu. Nkwabi akauchukua ule ufunguo mwembamba, akauweka kwenye kiganja cha Mama Kulwa, akamkunja vidole.

"Kaa nao, mama. Mlete huyo mjukuu aione. Ukifika usibishe hodi, fungua."

Wote wakanigeukia mimi. Walijua kanuni yangu, nilikuwa nimewahubiria asubuhi nzima, pamoja na hadithi ya karanga na milango sita. Nikamfikiria Mzee Shija na mwavuli wake. Nikahesabu funguo zilizobaki mezani. Kumi na sita. Nikahesabu tena, kwa mkono.

"Ziko sawa," nikasema. "Weka sahihi hapa."

Mtoto wa Dotto alichelewa siku tisa, kama bibi yake alivyosema. Ni wa kike. Walikuja Songwa kabla hajaanza kutambaa, na Nkwabi ananiambia alikuwa baraza ya mbele siku hiyo, hakusikia mtu kuingia, alisikia tu mtoto analia jikoni. Mke wake alikuwa ameshampokea.

Masika mawili yamepita. Mimi nimestaafu, lakini kila masika yakiisha napanda bajaji hadi Songwa na kuuangalia ukuta wa magharibi. Yale ishirini na sita nayapitisha mkono moja moja. Hakuna lililobambuka. Mke wa Nkwabi hunitolea kigoda na kuniuliza kama nimekuja kuhesabu, nami humwambia ndiyo, niwekee na chai, maana nitahesabu mara mbili.